Pointi za ndege zinaishia Entebbe

Asubuhi, mbele ya kabini za Boulevard de la Libération, watu wa Bunia wanafanya hesabu kwa sauti. Mama mmoja anafika na telefone iliyofungwa ndani ya kitambaa. Mtoto wake wa Kampala amemtumia dola 50. Anauliza: "Mutoto yangu, itabakia ngapi?" Kijana wa kabini anaangalia karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, anataja malipo ya kutoa feza, kisha anaongeza bila kuulizwa: "Mama, hizo ni za kampuni, si zangu." Mama anapokea kilichobakia, anakihesabu mara mbili, anafunga kitambaa, anashika njia ya Kigonze. Hesabu kama hiyo inarudi kila siku, tena kwenye kila kartie.

Upande mwingine wa mji, kwenye uwanja wa ndege wa Murongo, kuna hesabu ingine inayofanywa kimya. Mtu anayekuja Ituri kwa kazi, kutoka Nairobi, Brussels ao Geneva, amefika Entebbe kwa ndege kubwa kabla ya kupanda ndogo. Kule alikopanda ile kubwa, namba yake ya uanachama iliandikwa pamoja na jina lake. Siku chache baadaye, maili zinaingia kwenye akaunti yake. Kama biye ililipwa kwa karti ya mkopo, pointi za karti zinaingia pia. Akikusanya za kutosha, siku moja anaenda likizo na familia bila kulipa bei ya biye.

Hakuna wizi hapa. Lakini wahami wa vita na wakaaji wa mji wana haki ya kuelewa vile mchezo huu unachezwa, kwa sababu hizi hesabu mbili, ya kabini na ya Murongo, zinatoka katika mfuko ulio karibu kuliko vile mtu angewaza. Kisha kuna jambo moja ambalo mashirika yanayofanya kazi Ituri yangeweza kulifanya bila kuomba hata faranga moja kwa wafadhili.

Kwanza, pointi ni nini. Kampuni ya ndege ya American Airlines ilianzisha programu yake ya kuhesabu maili tarehe 1 Mei 1981. Wazo lilikuwa rahisi: abiria anayerudi mara kwa mara apewe kiti cha bure, ili asihamie kwa mshindani. Leo karibu kila kampuni kubwa iko nayo. Ethiopian Airlines wana ShebaMiles, Kenya Airways wana Asante Rewards, Air France na KLM wana Flying Blue, na anayepanda Brussels Airlines anakusanya kwa Miles & More ya Wajerumani wa Lufthansa. Ni majina ambayo wafanyabiashara wa Bunia wanaokwenda Dubai ao Guangzhou wanayajua vizuri.

Baadaye mabenki yakaingia. Benki inanunua maili kwa kampuni ya ndege, kisha inampa mteja wake kila anapolipa kitu kwa karti. Kwa karti nyingi za Marekani, dola moja iliyotumika inaleta pointi moja, pengine mbili, na pointi moja kwa kawaida ina samani ya karibu senti moja. Biashara hiyo imekuwa kubwa hata kushinda ndege zenyewe. Mwaka 2020, wakati Covid ilipofunga viwanja na ndege zikalala, kampuni ya United iliweka programu yake ya maili kama dhamana na kupata dola bilioni 6.8. Delta ikafanya vilevile na kupata bilioni 9. Ndege hazikuruka, abiria hawakuwepo, lakini pointi bado zilikuwa mali ya kukopea.

Sasa swali la kijiji: nani analipa? Benki haichapishi zawadi. Kila mara karti inapopita kwenye mashine, mwenye duka anakatwa kitu kidogo, na kule Marekani kwa karti ya mkopo inafika karibu dola 2 kwa kila 100, wakati mwingine zaidi. Mwenye duka hataki kupata hasara, kwa hiyo anapandisha bei. Na bei ikipanda, inapanda kwa wote, hata kwa yule anayelipa kwa noti mkononi na ambaye hana karti wala maili. Maskini wa cash anamchangia tajiri wa karti kiti chake cha ndege, bila mmoja wao kujua. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hilo, na mwaka 2015 ukaweka mpaka: malipo yanayokwenda kwa benki ya mwenye karti yasipite 0.2 kwa mia kwa karti ya kawaida, na 0.3 kwa mia kwa karti ya mkopo. Tangu hapo zawadi za karti za Ulaya ni nyembamba kabisa ukizilinganisha na za Marekani. Mfuko ulipobanwa, ukarimu nao ukapungua.

Mlipaji wa pili ni yule mwenye karti anayeshindwa kulipa deni lote mwishoni mwa mwezi. Faida ya mkopo wa karti kule Marekani inapita 20 kwa mia kwa mwaka. Mtu akinunua vitu vya dola 100 anapata pointi za dola moja. Akiacha hilo deni mwaka mzima, anadaiwa dola 20 juu yake. Benki inajua kuhesabu.

Mtu wa Bunia atasema: hayo ni mambo ya Wazungu, hapa tunanunua unga wa muhogo kwa kipimo na tunalipa faranga. Ni kweli nusu. Rawbank, Equity BCDC na TMB wanatoa karti hapa mjini, lakini nyingi ya hizo ni za kutumia feza ambazo mwenyewe ameweka, wala si za mkopo. Anayetafuta pointi za safari kwa karti ya Bunia atachoka kabla ya kupata kiti. Heri aulize benki maswali mawili tu kabla ya kusaini: karti inakatwa ngapi kwa mwezi hata nisipoitumia, na nikilipa nje ya nchi mnanikata ngapi? Majibu ya maswali hayo yana samani kuliko zawadi yoyote iliyochorwa kwenye affiche.

Nusu ingine ni hii: Ituri haiishi Ituri peke yake. Tangu mapigano ya Djugu yaliporudi mwishoni mwa 2017, familia zimetawanyika. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wengine, kwa miaka, wamepelekwa kuishi Marekani, Canada ao Ulaya. Huko, barua za mabenki zinaingia kila wiki kwenye sanduku: chukua karti hii, utumie dola elfu kadhaa katika miezi 3, utapata pointi za safari. Na ndugu aliyekaa miaka 7 bila kuona mama yake anaanza kuota: nitakusanya, nitakuja Bunia.

Kwa ndugu huyo, na kwa familia inayomngoja hapa, kuna mambo ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye zile barua. Pointi nyingi zinaweza kutumiwa kukata biye kwa jina la mtu mwingine. Maana yake mtoto aliye Texas anaweza kumkatia baba yake biye ya kutoka Entebbe kwenda kutibiwa Nairobi, bila yeye mwenyewe kusafiri. Watu wengi hawalijui hilo, na pointi zinalala mpaka zinaoza. Lakini biye ya pointi haina maana ya biye ya bure: kodi za viwanja na malipo mengine yanadaiwa kwa feza, na wakati mwingine si kidogo. Lingine ni kubwa zaidi. Mtu asitumie karti ya mkopo kutuma feza nyumbani akifikiri atapata pointi. Mabenki mengi yanahesabu kutuma feza sawa na kutoa cash: yanakata mara nyingi kati ya 3 na 5 kwa mia papo hapo, faida inaanza kuhesabiwa siku ileile, na pointi haziingii. Kaka anadhani ametuma dola 200 na kujipatia maili, kumbe amejipatia deni. Mwambieni atumie feza ya akaunti yake ya kawaida.

Na tukigusa kutuma feza, hapo ndipo utani wote wa pointi unaonekana. Kwa hesabu za Banki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara kunakula karibu 8 kwa mia kwa wastani. Mataifa yaliahidi kwenye Umoja wa Mataifa kwamba gharama hiyo itashuka chini ya 3 kwa mia ifikapo 2030. Tuko mbali. Kwa hiyo ndugu wa nje anapata senti moja kwa dola anaponunua viatu kule, kisha anapoteza senti 8 kwa dola anapomkumbuka mama yake. Na mama akifika kabini anakatwa tena. Mwenye kusaka pointi na asihesabu makato hayo anafukuza kuku huku mbuzi wanakula shamba.

Hebu tuendelee na safari ya yule ndugu. Tuseme amefaulu, amekusanya pointi kwa miaka 3, amekata biye. Ndege inamshusha Entebbe. Na hapo ndipo pointi zinaishia.

Kutoka Entebbe hadi Bunia hakuna maili ya kukusanya. Anaweza kupanda basi mpaka Goli, avuke kuingia Mahagi, kisha ashuke na barabara ya taifa namba 27 kupitia Djugu, njia ambayo kila mtu hapa anajua habari zake. Anaweza kwenda Ntoroko na kuvuka ziwa hadi Kasenyi kwa mtumbwi wa motere, kama upepo unakubali. Ao anatafuta kiti kwenye ndege ndogo, na kiti hicho kinalipwa kwa dola taslimu. Akija kwa upande wa Kinshasa, bado kuna karibu kilometa 1,800 za angani. Zamani wengi walipitia Goma. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, na tangu hapo kila safari imekuwa ndefu zaidi. Kwa barabara kutoka Beni, magari yamekuwa yakingoja kulindwa na wanajeshi kati ya Luna na Komanda. Mwezi wa Septemba 2021 msafara wa namna hiyo ulivamiwa pale Ofaye, watu wakauawa na magari yakachomwa.

Dunia ya pointi inamzawadia mtu kwa kilometa zilizo rahisi. Kilometa za kutoka London hadi Addis-Abeba, kwenye kiti laini, na chakula kwenye sahani, zinaandikwa moja moja. Kilometa za kutoka Drodro mpaka Bunia kwa miguu, na godoro kichwani, hakuna kompyuta inayozihesabu. Mgonjwa wa Kigonze anayetumwa hospitali ya Nyankunde anahitaji feza ya moto tu, kwenda na kurudi. Mwanafunzi wa Mahagi aliyefaulu mtihani wa taifa na kupata nafasi ya kusoma Kisangani anakosa biye moja, biye moja tu, kwa sababu wazazi wanaogopa kumpitisha njia ya Komanda na Mambasa. Safari zinazokosa mlipaji Ituri ni fupi.

Ndiyo maana macho yanarudi kwa wale wanaofika na kuondoka. Bunia ni mji wa mashirika. Kila wiki kuna misioni, evaluasioni, semina, ziara ya wafadhili. Mara nyingi kipande cha mwisho kinafanywa na ndege za kibinadamu za Umoja wa Mataifa, UNHAS, na hizo hazina mambo ya maili. Lakini kipande kirefu, kile cha Ulaya ao Amerika mpaka Entebbe, kinafanywa na kampuni za biashara, na hapo kanuni ya programu nyingi ni moja: maili ni za yule aliyekaa kwenye kiti, hata kama biye imelipwa na ofisi. Na ofisi imelipa kwa feza iliyoombwa kwa jina la nani? Kwenye ripoti iliyopelekwa kwa mfadhili kulikuwa picha ya hema la Kigonze, ao mtoto wa Roe akiteka maji. Biye ikanunuliwa ili mtu aje kuwaona. Maili zikaenda nyumbani kwa aliyekuja kuona.

Wenye kusafiri wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema: tunalala mbali na watoto wetu, tunapoteza Jumapili kwenye viwanja, tunakuja mahali ambapo wengine wanakimbia, hicho kidogo tuachieni. Marekani ilikubali hoja hiyo: sheria iliyopitishwa mwezi wa Desemba 2001 iliruhusu watumishi wa serikali kuu kujiwekea maili za safari za kazi. Ujerumani ilichukua njia ingine. Mwaka 2002 gazeti liliandika kwamba wabunge fulani walitumia maili za safari za bunge kwa safari zao binafsi. Cem Özdemir wa chama cha Kijani aliacha nafasi yake, na Gregor Gysi akajiuzulu kazi ya senata wa uchumi wa mji wa Berlin. Watu wakubwa, kwa viti vichache vya ndege. Hapa kwetu, mahali mtu anaweza kubakia kazini baada ya mambo ambayo hata kuyataja redioni kunahitaji ujasiri, habari hiyo inachekesha kidogo. Lakini Wajerumani walikuwa wanauliza swali la kweli: feza ya umma ikizaa mtoto, huyo mtoto ni wa nani?

Kwa Ituri jibu halihitaji kuwa kali hivyo. Hakuna anayetaka mtu ajiuzulu kwa sababu ya likizo ya Mombasa. Linaloombwa ni kwamba maili zilizozaliwa na feza ya wahami zisipotee kimya kwenye mifuko ya watu binafsi. Njia zipo tayari. Kampuni za Air France na KLM wana mpango wa bluebiz ambao unaipa ofisi yenyewe pointi zake juu ya biye ya mfanyakazi wake, bila kumnyang'anya mfanyakazi maili zake. Lufthansa pia wana mpango wa namna hiyo. Ofisi inayoandikisha namba yake pale inapata viti ambavyo ingevilipia. Flying Blue inamruhusu mwanachama kutoa maili zake kwa shirika la misaada. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji sheria mpya, wala mkutano wa Kinshasa. Kinahitaji mtu wa lojistiki ajaze fomu.

Kisha ile feza ya biye iliyookolewa ibakie Ituri. Hapo mashirika yatasema bajeti ya safari haiwezi kugeuzwa kuwa bajeti ya wagonjwa, mfadhili hakubali. Mfadhili anaweza kuulizwa. Barua moja inatosha, na mashirika yanajua kuandika barua, tena ndefu. Biye moja ya ofisi ikilipwa kwa pointi, dola zinazobakia zinaweza kulipa moto nyingi sana za kwenda na kurudi Nyankunde.

Anayedhani pointi haziwezi kumfikia mtu wa chini aangalie Kenya. Safaricom walianzisha Bonga Points mwaka 2007, na ndani ya miaka michache hata muuza mboga alikuwa nazo: kila shilingi 10 za kuongea zinaleta pointi moja. Jina lenyewe limetoka mtaani, kubonga ni kuongea. Kwa muda mrefu watu walibadilisha pointi kwa dakika ao kwa telefone. Mwezi wa Aprili 2020, Covid ilipofunga kazi, kampuni iliruhusu pointi hizo zilipie chakula na dawa kwenye maduka, na mtu mwenye nyingi aliweza kumtumia jirani asiye nazo. Haikuwa huruma tupu, maana pointi ambazo hazijatumiwa ni deni kwenye vitabu vya kampuni. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba pointi zenye zaidi ya miaka 3 zitafutwa, na makelele yakawa makubwa, kwa sababu wengi ndipo walipogundua kwamba kile walichoita akiba kilikuwa kinaweza kuondolewa kwa tangazo moja. Lakini ile Aprili ilionyesha kwamba pointi inaweza kuwa unga. Kampuni za telefone zinazokata feza za wahami hapa Bunia zina mashine zinazofanana na zile za Nairobi.

Na hapo ndipo ombi la pili linapoelekea. Mashirika yanapogawa msaada kwa telefone, yanajadiliana na kampuni bei ya kutuma kwa wingi. Kwenye mazungumzo hayo, mhami hayupo kwenye meza. Kuna ugawaji ambapo malipo ya kutoa feza yameongezwa juu, na mama anapata kiasi kamili alichoahidiwa. Kuna mwingine ambapo yanatoka kwenye sehemu yake. Tofauti hiyo haitangazwi kila mara wakati wa kuandikisha majina, na ingepaswa kutangazwa kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili, kwa Kilendu, kwa Kihema na kwa Alur, kabla ya siku ya kupokea. Kamati za site zinaweza kuliomba hilo sasa, bila kungoja.

Kwa familia zenyewe, kuna vitu vidogo vinavyookoa zaidi ya pointi yoyote. Anayetuma aulizwe aongeze malipo ya kutoa. Feza itolewe mara moja, isikatwekatwe mara nne kwa wiki, maana kwenye karatasi ya malipo kutoa kidogokidogo mara nyingi kunakula zaidi kuliko kutoa kwa pamoja. Duka linalokubali kulipwa kwa telefone lilipwe kwa telefone, bila kupitia kabini. Na hizi SMS zinazosema "umeshinda pointi, tuma kodi yako ya siri upokee zawadi": hakuna kampuni inayouliza kodi ya siri. Anayeuliza ni mwizi, hata kama anaongea Kifaransa kizuri na anakuita mama.

Anayepanda ndege mwenyewe, mfanyabiashara wa Bunia anayekwenda na kurudi, naye asiache chake. Kujiandikisha kwenye ShebaMiles ao Asante Rewards hakulipishwi. Jina liandikwe sawasawa na lile la paspoti, maana sisi tuna majina matatu na ajanse zinayageuza zinavyotaka, na jina likikosewa maili hazipatikani. Biye na karatasi ya kupandia vitunzwe mpaka maili zionekane. Na asinunue kitu asichokihitaji ili pointi zifike, kama vile hakuna mtu anayenunua ng'ombe ili apate kamba.

Mikutano ya uratibu kati ya mashirika na wakuu wa jimbo inaendelea Bunia, na wajumbe wa site wakati mwingine wanaalikwa. Mjumbe atakayepewa neno anaweza kuuliza maswali mawili, kwa upole, bila kumshitaki mtu. Mwaka huu ofisi yenu imenunua biye ngapi za kuja Ituri, na pointi zake ziko kwa jina la nani? Kwenye ugawaji unaokuja, malipo ya kabini yatatoka wapi?